Sifuri Iko Wapi?

Jioni moja tulikuwa ufuoni Mama Ngina, hapa Mombasa, mihogo ya kukaanga mkononi, na meli ya makontena ilikuwa ikiingia Kilindini taratibu kama bibi harusi. Kijana mmoja wa Mji wa Kale, anayependa kuchora takwimu kwa raha zake, akanisogezea simu. "Mjomba, hebu tazama bandari ilivyopaa."

Kwenye kioo palisimama nguzo tatu za samawati: 2022, 2023 na 2024. Ya kwanza ilikuwa fupi kama kigoda, ya pili ilikuwa zaidi ya mara nne yake, na ya tatu mara kumi na mbili. Nikamuuliza alikozitoa hesabu. Zilikuwa sahihi kabisa: bandari ya Mombasa ilipitisha takriban makontena milioni 1.45 mwaka 2022, milioni 1.62 mwaka uliofuata, na zaidi kidogo ya milioni 2 mwaka 2024, yote yakihesabiwa kwa kipimo cha futi 20. Kutoka 1.45 hadi 2 ni ongezeko la chini ya asilimia 40. Ni kubwa, na bandari ina haki ya kujisifu, lakini si mara kumi na mbili.

Kijana hakudanganya. Programu ndiyo iliyomchagulia chini ya mchoro paanzie wapi, ikachagua milioni 1.4. Nguzo ya 2022 ikabaki na kipande cha elfu 50 tu juu ya mstari, na ya 2024 ikabaki na laki sita. Jicho linapoona nguzo halisomi namba zilizoandikwa pembeni. Linalinganisha urefu, basi. Ukiikata nguzo miguu, umekata maana yake.

Hili ndilo swali ninalowapa wote wanaoniletea michoro yao, na kusema kweli silo langu peke yangu. Kila mwalimu wa takwimu analo kwa namna yake: sifuri iko wapi? Yaani kipimo hiki kinaanzia wapi, na nani aliamua kianzie hapo?

Nguzo zenyewe zilizaliwa kwa upungufu, na zilizaliwa katika biashara ya bahari. Mwaka 1786 Mskoti William Playfair alichapisha kitabu cha michoro ya biashara ya Uingereza, mistari ikipanda na kushuka mwaka hadi mwaka. Alipofika kwao Scotland akakwama, kwa kuwa alikuwa na hesabu za mwaka mmoja tu za bidhaa zilizoingia na kutoka katika nchi 17. Mstari hauwezi kuchorwa kwa mwaka mmoja. Akalaza pau, mbili kwa kila nchi, na dunia haijaziacha tangu hapo. Pau ni urefu mtupu, ndiyo maana lazima ianzie kwenye sifuri. Mstari una uhuru zaidi, kwa sababu tunachosoma ndani yake ni mwendo: wapi umepanda, wapi umelala.

Lakini msiifanye kuwa dini. Chukua joto la Mombasa. Mchana wa Machi hufika nyuzi 33 hivi, na wa Julai, kusi ikivuma, hushuka hadi 28. Ukianzisha mchoro huo kwenye sifuri ya selsiasi utapata mstari uliolala kama paka juani, na msomaji ataamini hapa hakuna majira. Sifuri ile ni mahali maji yanapoganda kuwa barafu. Nani kaona barafu Kibokoni, isipokuwa ndani ya ndoo ya muuza samaki?

Ramani nazo zina mtego wao. Wachoraji wa ridhaa wanapenda sana kuzipaka rangi kaunti zote 47, na ukitazama ramani ya namna hiyo utaona Kenya ni Marsabit na Turkana. Kwa sensa ya 2019, Mombasa ilikuwa na watu 1,208,333 katika kilomita za mraba 220 hivi, Marsabit watu 459,785 katika kilomita za mraba karibu 71,000. Ndani ya Marsabit zinaingia Mombasa zaidi ya 300. Basi wino wote unakwenda kwenye ardhi, na watu milioni na laki mbili wanabaki doa ambalo kidole kwenye simu hulifunika. Dawa yake ni rahisi: weka duara juu ya kila kaunti, ukubwa wake ufuate idadi ya watu. Mombasa itavimba mpaka imeze Kwale, na hivyo ndivyo ilivyo.

Sasa niingie nilipotaka kufika tangu mwanzo, majini.

Bamvua na maji mafu ni elimu ya kila mtoto aliyekulia karibu na ufuo. Mwezi unapoandama na unapokuwa mpevu, jua na mwezi huvuta kwa pamoja, na bahari ya hapa hupanda na kushuka kwa zaidi ya mita 3: hilo ndilo bamvua. Mwezi ukiwa nusu, nguvu hizo hukingamana, na tofauti huweza kupungua hadi karibu mita moja: hayo ndiyo maji mafu. Kwa siku maji hujaa mara mbili na kupwa mara mbili, kila kujaa kukifuata kwingine kwa saa 12 na dakika 25. Dakika hizo zinatokana na mwezi wenyewe: dunia inapomaliza mzunguko wake, mwezi umeshasogea mbele, nayo inahitaji kama dakika 50 zaidi kuufikia. Ndiyo maana maji ya leo ya saa kumi kesho yatakuwa karibu na saa kumi na moja.

Jedwali la maji la Kilindini lina haya yote kwa tarakimu, ukurasa baada ya ukurasa, na tarakimu hizo nazo zina sifuri yake. Si sakafu ya bahari. Ni kiwango kilicho karibu na maji ya chini kabisa yanayotarajiwa, na mabaharia hupima vina vya ramani kutoka hapo hapo. Ramani ikisema mita 15 na jedwali likisema 3, nahodha ana maji ya kina cha mita 18. Wamechagua sifuri hiyo kwa sababu inaelemea upande wa salama: mara nyingi maji yatakuwa mengi kuliko ramani inavyoahidi, si machache. Feri za Likoni zinaijua vizuri hesabu hii. Bamvua likipwa, mteremko wa gati husimama wima, na magari yaliyopakia hupata taabu kupanda.

Nilimwambia kijana aachane kidogo na makontena, achore jedwali hilo. Si kwa mstari wa mawimbi, maana siku 30 za mawimbi ni msumeno tu. Kila siku iwe safu moja, kila saa iwe kijumba, na kijumba kipakwe rangi: maji yakijaa buluu nzito, yakipwa nyeupe. Siku ya tatu akaniletea karatasi, nami nikacheka kwa furaha. Alikuwa amesuka mkeka! Michirizi miwili ya buluu ilikuwa ikishuka kwa mshazari, kila safu imesogea dakika 50 kulia, na baada ya siku kama 15 mchirizi mmoja umefika ulipokuwa mwenzake. Kwenye bamvua rangi zinagombana, nzito na nyeupe, na zile nzito zinaangukia saa kumi alfajiri na saa kumi jioni, au baada yake kidogo. Kwenye maji mafu zote zinafifia kama kanga iliyofuliwa sana. Saa, mwezi na nguvu ya maji viko katika karatasi moja, bila neno hata moja la maelezo.

Nilimrekebisha mawili. La kwanza, safu zake zilianza tarehe mosi ya mwezi wa kizungu. Tarehe hiyo bahari haiijui. Mwezi huu itaangukia bamvua, mwezi ujao pengine imeshasogea. Ukianza siku ya mwezi mwandamo, kila karatasi inafanana na iliyotangulia: bamvua juu, maji mafu kuanzia kama siku ya nane, bamvua tena baada ya mwezi mpevu, mafu tena. La pili, vijumba vyake vilianza usiku wa manane, kwa kuwa saa ya simu huanzia hapo. Usiku ukakatika vipande viwili, nusu safu ya juu na nusu ya chini, na mvuvi anayetoka baada ya isha akarudi alfajiri ilibidi amtafute samaki wake katika safu mbili. Nikamwambia aanzie saa kumi na mbili asubuhi, pale saa yetu ya Kiswahili inapoanza kuhesabu mchana. Usiku ukarudi mzima. Nikajiona fundi.

Tukaipeleka karatasi kwa mzee mmoja aliyevua miaka mingi, ambaye sasa hukaa barazani na kuwasahihisha watu. Akaishika mbali na macho, akafuata mchirizi kwa kidole kutoka juu hadi chini, akatikisa kichwa kwa kuridhika. Kisha kidole kikarudi juu.

"Mkeka mzuri," akasema. "Lakini hii safu ya Alhamisi yamalizia na usiku. Usiku huo ni wa nani?"

"Wa Alhamisi, ami," kijana akajibu.

"Usiku wa kuamkia Ijumaa waupa Alhamisi?"

Mimi nilinyamaza. Kwetu siku huingia na adhana ya magharibi. Mwezi huonekana jioni, ukahesabiwa usiku kwanza, mchana ukafuata. Nilikuwa nimehesabu siku za mwezi kwa kalenda ya wazee, kisha nikazifungulia mlango kwa saa ya mchana, na kila usiku katika karatasi ile ulikuwa umelala nyumba ya jirani.

Kijana alishatoa kalamu. Akapiga mstari wima katikati ya karatasi, kwenye saa kumi na mbili jioni, akaandika juu yake "magharibi", akaniuliza kama nina rula.

Sikuwa nayo. Mzee akampa ukingo wa kasha la tende.