Chumvi Imepotea au Maji Yamezidi?

Uvimbe wa pituitari, tezi ndogo iliyo chini ya ubongo nyuma ya pua, siku hizi mara nyingi hutolewa kupitia tundu la pua. Mambo yakienda vizuri, mgonjwa huruhusiwa baada ya siku chache. Kumbe hatari nyingine inaweza kumkuta akiwa nyumbani. Kati ya siku ya nne na ya kumi, hasa karibu na siku ya saba, baadhi ya wagonjwa huanza kuumwa kichwa, kutapika, kuchanganyikiwa na kusinzia kupita kiasi. Ndugu hudhani ni uchovu wa upasuaji, lakini damu ikipimwa hukutwa sodiamu imeshuka.

Sodiamu, ambayo tunaipata zaidi kwenye chumvi ya chakula, ndiyo inayosaidia kuamua maji ya mwili yakae wapi. Kiwango chake cha kawaida katika damu ni milimoli 135 hadi 145 kwa lita. Kikishuka, maji huhama kutoka kwenye damu na kuingia ndani ya seli, nazo zikavimba. Sehemu nyingine za mwili zina nafasi ya kutanuka. Ubongo umebanwa na fuvu. Kiwango kikifika chini ya 125, hasa kikishuka kwa kasi, degedege na kupoteza fahamu havipo mbali.

Ugumu wa tiba ni kwamba sodiamu hushuka kwa njia mbili zinazokinzana. Mwaka 1950, John Peters na wenzake wa Chuo Kikuu cha Yale, Marekani, walieleza habari za wagonjwa wa ubongo ambao figo zao zilikuwa zikiachia chumvi, nayo ikatoka na maji. Mwaka 1957, William Schwartz, Frederic Bartter na wenzao wakaeleza njia nyingine: homoni ya kuzuia mkojo inamwagika bila mpangilio, figo zinashikilia maji, na chumvi iliyopo inazimuliwa. Mgonjwa wa njia hii ya pili hupunguziwa maji ya kunywa. Yule wa kwanza anahitaji kuongezwa maji na chumvi pia.

Maabara peke yake haimalizi ubishi, kwa sababu wote wawili hukojoa sodiamu nyingi. Tofauti huonekana kitandani: uzito umepungua au la, mdomo umekauka, mapigo ya moyo yanakwenda mbio, shinikizo la damu limeshuka, mkojo umezidi maji yaliyoingia. Chati ya muuguzi, anayepima kila kikombe na kila mkojo, ina thamani kubwa mno hapa. Hata hivyo mabingwa bado wanabishana kama ile hali ya kupoteza chumvi hutokea mara nyingi au ni nadra sana.

Ubishi huo una gharama. Mwaka 1985 watafiti wa Uholanzi waliripoti kuhusu wagonjwa waliopasukiwa na mshipa wa damu kichwani na sodiamu yao ikashuka. Kati ya 26 waliopunguziwa maji, 21 walipata kiharusi kwa sehemu ya ubongo kukosa damu. Tangu hapo, kumnyima maji mgonjwa wa aina hiyo ni jambo la kuogopwa.

Mgonjwa akipata degedege, hakuna kusubiri: hupewa dripu ya chumvi ya asilimia 3, mililita 100 hadi 150 kwa dakika chache. Sodiamu ikipanda kwa milimoli 4 hadi 6 tu, mara nyingi hatari ya papo hapo hupungua. Baada ya hapo haraka yenyewe inakuwa adui. Ubongo uliokwisha kuzoea upungufu kwa siku mbili au zaidi, ukirudishiwa sodiamu kwa kasi, unaweza kupoteza utando unaofunika neva, na siku chache baadaye mgonjwa akashindwa kusema, kumeza au kusogeza viungo. Ndiyo maana madaktari wengi hawapendi kuvuka milimoli 8 hadi 10 kwa saa 24, na damu hupimwa tena na tena.

Kwa aliyefanyiwa upasuaji wa pituitari, ni lazima pia kuangalia homoni ya kotisoli, maana upungufu wake nao hushusha sodiamu na tiba yake ni kurudishiwa homoni hiyo. Kulamba chumvi nyumbani hakutibu hilo, wala ushauri wa majirani wa kunywa maji mengi. Kabla ya kutoka wodini, familia iulize mambo matatu: mgonjwa anywe maji kiasi gani kwa siku, damu ipimwe tarehe ngapi, na akianza kutapika usiku apigiwe nani.