Je, Wajua? Maua na Majani Yanayoua Wadudu

Je, wajua kwamba sumu ya pareto haimo kwenye petali zake nyeupe? Karibu yote imo katika vijimbegu vichanga vya kitovu cha manjano. Ndiyo maana mchumaji wa Molo au Mufindi husubiri ua lichanue. Anayechuma matumba huvuna sumu haba.

Ua hilo limetoka Dalmatia, Kroatia ya leo, likafika Kenya mwishoni mwa miaka ya 1920. Wakati huo Japani ndiyo iliyotamba sokoni. Vita vya Pili vya Dunia vilipoifunga njia ya Japani, Kenya ikashika usukani.

Je, wajua kwa nini pareto hupuliziwa jioni? Pairethrini, sumu yake, huvuruga mishipa ya fahamu ya mdudu akatetemeka na kuanguka chali, lakini mwanga wa jua huivunja upesi. Tena jioni nyuki wamekwisha rudi mzingani, na pairethrini haiwabagui. Kwangu sababu hii ya pili ni nzito zaidi: ua la boga lisilotembelewa na nyuki halizai.

Mwaka 1940 iligunduliwa kuwa mafuta ya ufuta huizidishia pareto makali. Ufuta huvizuia vimeng'enya ambavyo mdudu hutumia kuiharibu sumu.

Je, wajua kwamba nzige hukimbia mwarobaini? Mwaka 1959 huko Sudan, mtaalamu wa Ujerumani Heinrich Schmutterer aliona nzige wamemaliza kila kijani isipokuwa miti hiyo. Azadiraktini iliyomo, hasa ndani ya kokwa, humwondolea mdudu hamu ya kula na kumzuia kujivua gamba. Kwa hiyo usiimwage dawa ya mwarobaini kwa kuwa kesho yake viwavi bado wanatambaa. Tazama majani: je, yanaendelea kuliwa?

Na mmea wa utupa? Wavuvi wa zamani waliutwanga na kuutia mtoni ili samaki waelee. Wakulima huchanganya unga wa majani yake na mahindi au maharage ghalani. Hapa pana jambo linalostahili kutangazwa kila kijiji: utupa ni wa aina mbili zinazofanana machoni. Moja ina sumu ya rotenoni na jamaa zake, nyingine haina kabisa. Watafiti waliikuta aina hiyo butu katika mashamba ya Malawi, imepandwa kwa nia njema na haiui kitu. Basi omba mbegu kwa jirani ambaye maharage yake yamepona kwa utupa wake. Mabaki usiyamwage karibu na bwawa la samaki.

Tumbaku je? Nikotini yake huua vidukari kweli, ila hupenya ngozi ya mpuliziaji na kumtapisha. Tena majani makavu huhifadhi virusi vya batobato vinavyoshambulia nyanya, hata sigara tu iliyoshikwa kabla ya kupogoa yatosha kuvieneza.