Mwanafunzi wa Biashara na Kalamu Yake: Nani Ampimie?

Stadi za lugha ni nne: kusikiliza, kuzungumza, kusoma na kuandika. Kati ya hizo, kuandika ndiyo inayochelewa kukomaa, na ndiyo inayomtaabisha zaidi mwenyewe anapotaka kuipima. Anayezungumza humwona msikilizaji akikunja uso. Anayeandika haoni uso wa yeyote. Makala haya yananuia kueleza jinsi wanafunzi wa biashara wanavyojipimia uandishi wao, na kwa nini kipimo hicho aghalabu huwapotosha. Mfano wetu unatoka Manyatta, Embu, ambako Chuo Kikuu cha Embu kimezungukwa na wakulima wa kahawa na majani chai. Mhitimu wa biashara anayeajiriwa na chama cha ushirika huko huwaandikia watu ambao mapato yao hutegemea karatasi iliyobandikwa kwenye ubao wa kiwanda.

Mwanafunzi huyu hafiki chuoni mikono mitupu. Katika mtihani wa KCSE, karatasi ya Insha humtaka atunge insha mbili, na ile ya kwanza, ambayo ni ya lazima, huwa ya kiuamilifu: barua rasmi, ripoti, kumbukumbu za mkutano, hotuba na kadhalika. Hizo ndizo fani atakazoziandika ofisini. Akiingia chuoni hukutana na somo la Stadi za Mawasiliano, na akijisajili kwa mitihani ya uhasibu ya KASNEB hulikuta tena somo la mawasiliano katika hatua ya mwanzo. Yote hayo hufunzwa kwa Kiingereza, hivyo Kiswahili chake cha kuandika hubaki pale pale alipokiacha kidato cha nne.

Niliwahi kuwauliza wanafunzi kadha wa biashara (siwataji, wala chuo chao sikitaji) wanajuaje kuwa wanaandika vizuri. Wengi walinitajia gredi ya KCSE. Mmoja alisema kompyuta haimpigii mistari myekundu. Mwingine, aliyejiamini kuliko wote, alisema yeye hutumia maneno mazito. Sisi wa fasihi tusikimbilie kucheka. Ni walimu wa Kiswahili waliomzoesha kijana huyo kutuzwa kwa misamiati teule na methali, hata pale alipotakiwa kuandika ilani ya mistari mitatu.

Kwamba mtu huweza kujidanganya kuhusu lugha yake mwenyewe si jambo la Embu pekee. Mwaka 1999, Justin Kruger na David Dunning wa Chuo Kikuu cha Cornell, Marekani, walichapisha utafiti ambamo wanafunzi walipimwa ucheshi, mantiki na sarufi ya Kiingereza, kisha wakaulizwa wanadhani wamewashinda wenzao wangapi katika kila 100. Walioangukia robo ya chini walikuwa, kwa wastani, wamewashinda 12; wenyewe walidhani wamewashinda 62. Wapo wataalamu wa takwimu waliodai baadaye kuwa sehemu ya pengo hilo hutokana na namna hesabu zilivyofanywa. Linalotuhusu zaidi ni jaribio la sarufi. Wanafunzi waliitwa tena, wakapewa karatasi za wenzao wazisahihishe. Waliofanya vizuri walijipandisha daraja baada ya kuona makosa ya wengine. Waliofanya vibaya walizisoma karatasi nzuri, wala wasijishushe. Ujuzi wa kutunga sentensi sahihi ndio huo huo unaohitajika kutambua kwamba sentensi imeharibika. Lakini katika jaribio la mantiki, waliopewa mafunzo mafupi walianza kujipima kwa haki zaidi.

Kwa hivyo desturi ya kuwaambia wanafunzi wabadilishane kazi na kusahihishana haitoshi, maadamu wote wawili wana kipimo kilekile kibovu. Yamkini msomaji wa kufaa zaidi ni yule ambaye karatasi inamhusu.

Niliwaomba wale wanafunzi waandike tangazo la chama cha ushirika cha kubuni, kuwajulisha wakulima kuwa watakatwa pesa za kununua mashine ya kumenya kahawa. Yule wa maneno mazito aliandika hivi: “Wanachama wote mnajulishwa kwamba kufuatia maazimio ya kamati kuhusu uboreshaji wa miundombinu, marekebisho ya makato yatatekelezwa ipasavyo, na yatajadiliwa katika mkutano mkuu hivi karibuni.” Sarufi haina dosari kubwa. Tulikuwa katika kibanda cha chai, na mama mwenye kibanda ana miche yake ya kahawa. Nikamsihi kijana amsomee.

Mama alisikiliza hadi mwisho. “Sawa, mwanangu. Sasa nitakatwa pesa ngapi, na kuanzia lini?”

Kijana alimjibu papo hapo kwa Kiembu, kwa sentensi mbili. Nikamwambia aandike kwa Kiswahili hayo hayo aliyomwambia mama. Akaandika: “Kuanzia malipo ya Machi, kila mwanachama atakatwa shilingi mbili kwa kila kilo ya kahawa aliyoleta kiwandani. Pesa hizo ni za kununua mashine ya kumenya, na makato yatakoma mashine ikishalipiwa.” Uwezo huo alikuwa nao tangu awali. Hakuwa ameuhesabu kuwa ni uandishi, kwa kuwa haukuwa na uzito aliouzoea.

Jambo lililonifurahisha zaidi ni kwamba baada ya hapo alianza kujisahihisha bila kuulizwa, na kwa ukali. Aliyarudia matangazo ya wenzake akiuliza maswali ya mama: ngapi, lini, nani? Kisha akarudi kwenye lake, akagota kwenye “hivi karibuni”. Sheria ya Vyama vya Ushirika ya 1997 iliweka sharti kwamba wanachama wapewe notisi ya maandishi ya angalau siku 15 kabla ya mkutano mkuu, na kijana alilijua sharti hilo kutoka darasani. Akayafuta maneno yale mawili, akaandika tarehe aliyokuwa ameikusudia tangu mwanzo, kisha akahesabu kwa vidole siku zilizosalia. Zilikuwa 11.