Yai Kubwa, Kuku Mashakani

Ni desturi katika nyumba nyingi za Kenya, mijini na mashambani, kwamba yai lililo kubwa kupita kiasi halipelekwi jikoni moja kwa moja. Huzungushwa kwanza. Watoto hulipima kwa viganja, mama huliweka kando ya mayai mengine ili tofauti ionekane, na mwenye kuku hujigamba kwa majirani kana kwamba amelitaga yeye. Likivunjwa na kuonekana viini viwili, furaha huzidi. Katika shangwe hiyo yote, ni nadra kumsikia mtu akiuliza: je, aliyelitaga yu hali gani?

Swali hilo si la mzaha. Yai la kuku wetu wa kienyeji aghalabu huwa na uzito wa gramu 40 hadi 45, na la kuku wa mayai wa kisasa hukaribia gramu 60. Yai la viini viwili laweza kufika gramu 80 na zaidi. Tuseme kuku mwenyewe ana uzito wa kilo moja na nusu. Kwa hesabu ya kawaida, ni sawa na mama wa kilo 60 kujifungua mtoto wa kilo tatu na ushei. Tofauti ni kwamba mama huyo hupumzika miezi mingi kabla ya kushika mimba nyingine, ilhali kuku huenda akatakiwa kurudia kazi hiyo kesho au kesho kutwa.

Yafaa ieleweke kwamba yai halitengenezwi kwa dakika moja. Tangu kiini kinapoachiliwa hadi yai linapotoka hupita takriban saa 25, na katika muda huo kama saa 20 hutumika kujenga ganda peke yake. Ganda hilo hubeba karibu gramu mbili za madini ya kalisi, ambayo kuku huyapata katika chakula chake au, akiyakosa huko, huyachota katika mifupa yake mwenyewe. Kalisi hiyo hiyo ndiyo inayoiwezesha misuli ya njia ya uzazi kukaza na kulisukuma yai nje. Kwa hivyo kuku aliyepungukiwa na kalisi hupata hasara mbili: yai ni kubwa na nguvu za kulitoa hana.

Lugha yetu haikuwa nyuma katika kuwatambua ndege hawa. Kiswahili chatofautisha tembe, ambaye bado hajataga. Mtetea, ambaye ameanza au yu karibu kutaga, naye hutambulikana kwa kutetea, yaani ile sauti aitoayo wakati wa kutaga. Na koo, ambaye amekwisha kuwa mzazi. Majina haya si mapambo ya kamusi. Mtetea mchanga ndiye anayetaga mayai ya viini viwili mara kwa mara, kwa sababu mwili wake haujazoea kuachilia kiini kimoja kwa wakati mmoja. Koo mkongwe naye hutaga mayai makubwa kwa kuwa yai hukua kadiri umri wa kuku unavyosonga. Mfugaji asiyejua kuku wake yu katika daraja gani hawezi kujua ni lini amchunge.

Je, sisi binadamu tuna mkono gani katika jambo hili? Tuna mkono mkubwa. Kuku wa mwituni wa Asia, ambaye ndiye babu wa kuku wote tunaowafuga, hutaga mayai 10 hadi 15 hivi kwa mwaka. Kuku wa mayai wa leo hutaga yapata 300. Mabadiliko hayo yaliletwa na uteuzi wa binadamu, na uteuzi huo ungali unaendelea katika nyua zetu. Wengi wetu twachanganya kuku wa kienyeji na Sasso ya Ufaransa au Kuroiler ya India, bila kuzingatia kwamba binti huenda akarithi yai kubwa la upande mmoja na umbo dogo la upande mwingine.

Jambo la pili ni mwanga. Katika nchi yetu inayopitiwa na Ikweta, mchana huwa wa saa 12 hivi mwaka mzima, na wafugaji wenye haraka huwasha balbu ili kuku wapate saa 14 au 16. Kwa kuku aliyekomaa hilo lina faida. Kwa tembe ambaye mifupa yake haijakamilika, ni sawa na kumwoza mtoto.

La tatu ni chakula. Ugali uliolala na mahindi matupu humnenepesha kuku, na mafuta yakijazana tumboni huibana njia ya yai. Kwa upande mwingine, wako wanaowapa matembe chakula cha kuku wanaotaga kabla ya wakati wake, wakidhani wanawaharakisha. Chakula hicho kina kalisi nyingi mno kwa ndege mchanga, nacho huweza kuziumiza figo zake.

Na faida ya yai kubwa ni ipi hasa? Sokoni mayai yetu huuzwa aghalabu kwa idadi, trei ya mayai 30, wala si kwa mizani. Anayetaka kuangulisha naye hapati kitu, kwani yai la viini viwili ni nadra kutoa kifaranga. Tunamtesa kuku kwa ajili ya sifa tupu. Wahenga waliosema tamaa mbele, mauti nyuma hawakuwa wakizungumza juu ya binadamu peke yao.

Kuku aliyekwamwa na yai ana dalili zake. Huingia na kutoka kiotani bila kutaga. Husimama wima, mkia ameuinamisha, mabawa ameyalegeza, akijikamua mara kwa mara. Hukataa chakula, na pengine hata kinyesi hakitoki. Mwenye nyumba akimwona hivyo, mara nyingi huagiza kisu. Jirani yangu mmoja, mama aliyestaafu ualimu, aliambiwa na kijana wake wa kazi, "Mwalimu, huyu ni wa sufuria tu, asije akatufia bure." Yule mama akamjibu, "Kwanza nipe karai, mwanangu. Kisu hakikimbii."

Jibu hilo lina hekima kubwa. Karai la maji ya vuguvugu, yenye joto kama ya kumwogeshea mtoto mchanga, ndiyo huduma ya kwanza. Kuku aketishwe humo, maji yafike tumboni, kwa dakika 20 hadi 30, akishikwa kwa upole bila kelele. Joto hulegeza misuli iliyokakamaa. Akitolewa akaushwe vizuri, kisha apakwe mafuta safi ya kupikia au ya kujipaka yasiyo na manukato kwenye tundu la kutagia. Baadaye awekwe peke yake mahali penye joto, giza kidogo na utulivu, awe na maji ya kunywa na chokaa ya mifugo au maganda ya mayai yaliyookwa na kusagwa. Wengi hulitoa yai katika saa chache zinazofuata. Asipolitoa, anaweza kuogeshwa tena.

Kuna jambo moja ambalo halifai kufanywa kamwe: kumkamua kuku tumbo kwa nguvu, au kulivunja yai likiwa ndani yake. Vipande vya ganda hukata kama wembe, na jeraha la ndani huleta usaha na kifo. Methali yasema kuku havunji yayile. Basi na sisi tusimvunjie tumboni mwake. Ikiwa siku nzima imepita bila yai kutoka, huyo ni mgonjwa wa daktari wa mifugo, kwa sababu kuku katika hali hiyo huweza kufa kwa siku mbili tu.

Hutokea pia kwamba yai latoka, lakini nyama ya ndani hutokeza nje pamoja nalo. Kuku huyo atengwe upesi, maana wenziwe wakiona nyama nyekundu huidonoa hadi wamuue. Nyama hiyo ioshwe kwa maji safi ya vuguvugu, ipakwe asali au sukari ili uvimbe upungue, kisha irudishwe ndani taratibu kwa kidole kilichooshwa na kupakwa mafuta. Ikiwa hali hii inajirudia, si uungwana kumlazimisha ndege huyo aendelee kutaga. Apunguziwe mwanga, na mayai yake yasiangulishwe, ili asiwarithishe bintize mateso yake.

Najua kuna watakaosema kwamba haya ni mambo ya watu wenye nafasi, na kwamba kumwita daktari ni ghali kuliko kuku mwenyewe. Hoja hiyo ina ukweli, nayo ndiyo inayonifanya niandike. Tangu mwaka 2013, huduma za kilimo na mifugo ziko mikononi mwa serikali za kaunti. Afisa wa mifugo hawezi kupanda pikipiki kwa ajili ya kuku mmoja, lakini kaunti inaweza kuchapisha karatasi moja kwa Kiswahili chepesi na kuibandika katika kila duka la dawa za mifugo, ikieleza niliyoyaeleza hapa. Maelezo mengi kwenye magunia ya chakula na chupa za dawa yameandikwa kwa Kiingereza, ilhali wanaowalisha kuku hao ni akina mama na watoto ambao wengi wao husoma Kiswahili kwa wepesi zaidi. Kuku watatu au wanne ndio benki ya nyumba nyingi. Ndio karo ya mtoto, ndio nauli ya hospitali. Mmoja akifa kwa yai lililokwama, nyumba hiyo imepoteza akiba.

Hata pasipo hesabu ya fedha, haki ya kiumbe ingalipo. Mama anayeshindwa kujifungua hukimbizwa hospitalini. Kuku anayeshindwa kutaga hukimbizwa jikoni. Kati ya kiota na jiko pana nafasi ya karai moja la maji ya vuguvugu na nusu saa ya subira, na hilo halimshindi mtu yeyote anayepokea mayai ya kuku huyo kila asubuhi.