Marekani: Miezi 27 ya masomo ya PA, na deni linalotishia kufunga mlango

Nchini Marekani, programu zaidi ya 300 zinafundisha kazi ya msaidizi wa daktari, inayojulikana kwa herufi mbili: PA. Masomo hayo yanachukua wastani wa miezi 27, karibu bila likizo, na wanafunzi wengi wanayamaliza wakiwa na deni linalopita dola 100,000. Sheria mpya ya mikopo, iliyowekwa kuanza tarehe 1 Julai 2026 kwa wakopaji wapya, inabadilisha hesabu hiyo yote. Habari hii inawagusa pia Wakongomani waliopokelewa huko kama wakimbizi, hasa wale wanaohudumia wazee na wagonjwa huku wakitafuta njia ya kupanda ngazi.

Kazi iliyoanza na askari wanne

PA anampokea mgonjwa, anamuuliza maswali, anampima, anaagiza vipimo vya maabara na picha, anatambua ugonjwa na kuandika ordonansi. Wengine wanamsaidia daktari mpasuaji ndani ya chumba cha upasuaji. Katika majimbo yote 50 ya Marekani PA anaruhusiwa kuandika dawa, lakini kila jimbo lina sheria yake kuhusu namna anavyoshirikiana na daktari.

Msomaji wa Kivu au wa Ituri anaweza kumfananisha na muuguzi mkuu wa kituo cha afya, yule tunayemwita IT, ambaye anatibu malaria, anaandika dawa na kuamua mgonjwa yupi apelekwe hospitali kuu. Tofauti iko kwenye shule: IT amesomea uuguzi, wakati PA anafundishwa kwa mtindo wa daktari, ila kwa muda mfupi zaidi. Tanzania, Kenya na Uganda nazo zina kada inayokaribiana na hiyo, ile ya maafisa tabibu.

Kazi ya PA ilizaliwa mwaka 1965 kwenye Chuo Kikuu cha Duke, katika jimbo la North Carolina. Wakati huo Marekani ilikuwa na upungufu wa madaktari. Upande mwingine, wauguzi wa jeshi la majini walikuwa wakirudi nyumbani na ujuzi mkubwa wa kutibu majeruhi, lakini hospitali za raia hazikuwa na nafasi iliyolingana na ujuzi wao. Daktari Eugene Stead aliwachukua wanne kati yao akawapangia masomo ya miaka miwili, akifuata mfano wa mafunzo ya haraka waliyopewa madaktari wakati wa Vita vya Pili vya Dunia. Watatu walihitimu tarehe 6 Oktoba 1967, na mpaka leo wiki ya PA inaanza kila mwaka tarehe hiyo.

Kwa hiyo kazi hii ilianza kama mlango kwa watu waliowahi kushika wagonjwa bila kupita shule ya udaktari. Mlango huo bado upo, lakini vizingiti vimeongezeka.

Kabla ya kuingia: digrii, sayansi na masaa ya wagonjwa

Leo programu za PA zinatoa digrii ya masters. Anayeomba nafasi anapaswa kwanza kumaliza digrii ya kwanza, ambayo Marekani inachukua kwa kawaida miaka minne, na kupata alama nzuri katika kemia, biolojia, anatomia na fiziolojia. Programu nyingi zinataka pia masaa ya kuhudumia wagonjwa. Nyingine zinaridhika na mia chache, nyingine zinadai 1,000 au zaidi, na chache hazidai kitu.

Hapo ndipo wengi wanapoanzia chini. Wanafanya kazi ya usaidizi wa wauguzi katika nyumba za wazee, wanaendesha ambulansi, wanachukua damu kwenye maabara. Kuosha mgonjwa, kumgeuza kitandani na kupima presha usiku kucha ni kazi inayochosha na kulipa kidogo, lakini kila saa inaandikwa kwenye faili ya maombi.

Kwa wahamiaji kuna jambo la kujua mapema. Muuguzi au daktari aliyesoma Bukavu, Goma au Lubumbashi hawezi kugeuza diploma yake kuwa leseni ya PA. Mtihani wa taifa unafanywa tu na mtu aliyemaliza programu iliyotambuliwa rasmi nchini Marekani. Diploma ya nyumbani inaweza kukaguliwa na kuhesabiwa kama masomo ya awali, lakini masomo ya PA yenyewe hayarukwi.

Mwaka wa oditwari

Miezi kumi na miwili ya kwanza, au zaidi kidogo, ni ya darasani. Wanafunzi wa promosheni moja wanakaa pamoja asubuhi mpaka jioni, chumba kimoja, kozi zilezile. Anatomia, fiziolojia, elimu ya dawa, magonjwa ya moyo, ya mapafu, ya figo, ya watoto, ya akili: kila mfumo wa mwili unapewa wiki chache, kisha mtihani, kisha mfumo mwingine. Mitihani inaweza kufuatana kila wiki, na wakati mwingine miwili ndani ya wiki moja.

Jioni ni ya kurudia masomo. Wanafunzi wanajigawa vikundi. Mmoja anaeleza dawa za presha, mwingine anachora mishipa ya damu ubaoni. Wenye watoto wanasoma baada ya kuwalaza, na wanaamka kabla hawajaamka.

Mafunzo ya mikono yanaanza mapema. Wanafunzi wanasikiliza moyo na mapafu ya wenzao, wanaangaliana masikio na macho, wanajifunza kushona kidonda kwenye ngozi ya bandia au mguu wa nguruwe. Shule nyingi zinaajiri watu wanaoigiza ugonjwa. Mwanafunzi anaingia chumbani, ana dakika zilizohesabiwa za kumhoji mgonjwa huyo na kumpima, huku mwalimu akitazama na kutoa alama. Kusahau kunawa mikono kunaweza kumpotezea alama, kama vile kutosikia sauti isiyo ya kawaida kwenye mapafu.

Hofu kubwa ya mwaka huo ni kushindwa kozi. Mara nyingi kozi inatolewa mara moja tu kwa mwaka. Anayeshindwa na marudio yake anaweza kusubiri promosheni inayofuata, au kuondolewa kabisa, na deni la miezi aliyosoma halifutiki. Ndiyo maana programu nyingi zinakataza au zinashauri vikali wanafunzi wasifanye kazi ya mshahara. Aliyezoea kulipa nyumba na kutuma pesa kwa familia anajikuta bila mapato kwa zaidi ya miaka miwili.

Staji: idara saba na barabara ndefu

Baada ya darasa inakuja staji, kwa kawaida mwaka mzima au zaidi, yenye masaa yanayoweza kupita 2,000. Kila mwanafunzi lazima apate uzoefu katika maeneo saba: tiba ya familia, magonjwa ya ndani, upasuaji, watoto, afya ya wanawake, dharura, na afya ya akili. Mara nyingi kila staji inachukua wiki nne mpaka sita. Mtu akianza kuzoea idara na majina ya wauguzi, muda wa kuhama umefika.

Siku ya staji ya upasuaji inaweza kuanza kabla ya jua kuchomoza. Mwanafunzi anapita kwanza kwa wagonjwa waliofanyiwa upasuaji jana, anaangalia vidonda, joto na mkojo, anaandika ripoti yake, kisha anaieleza kwa msimamizi wa staji. Anaulizwa: unafikiri ni ugonjwa gani, kwa nini, na utafanya nini? Uamuzi wa mwisho ni wa msimamizi, lakini mwanafunzi anayenyamaza anaonekana kama hakusoma. Mwisho wa staji kuna mtihani tena. Ule unaotumiwa na programu nyingi una maswali 120.

Staji hiyo hailipwi. Anayeifanya ndiye analipa minervali, mafuta ya gari na wakati mwingine chumba cha pili cha kulala, kwa sababu hospitali anayopangiwa inaweza kuwa mji mwingine au hata jimbo lingine. Nafasi pia ni haba. Wanafunzi wa PA, wa udaktari na wa uuguzi wa ngazi ya juu wanagombania wasimamizi walewale, na daktari mwenye foleni ndefu ya wagonjwa si kila mara anakubali mwanafunzi pembeni yake.

Pesa: pale hesabu inapokataa

Mpaka sheria mpya, mwanafunzi wa PA aliweza kuchukua mkopo wa serikali kuu unaoitwa Grad PLUS, uliofika mpaka gharama yote ya masomo, chakula na nyumba vikiwemo. Sheria iliyosainiwa na Rais Donald Trump tarehe 4 Julai 2025 inaufunga mkopo huo kwa wakopaji wapya kuanzia tarehe 1 Julai 2026. Wale waliokuwa wameanza masomo na kukopa kabla ya hapo wanapewa kipindi cha mpito.

Sheria inawagawa wanafunzi wa ngazi ya juu katika makundi mawili. Wanaosomea fani zinazoitwa za kitaaluma, kama udaktari, wanaweza kukopa mpaka dola 50,000 kwa mwaka na 200,000 kwa jumla. Wengine wanasimamishwa kwenye dola 20,500 kwa mwaka na 100,000 kwa jumla. Mwezi wa Novemba 2025, kamati iliyoitishwa na Wizara ya Elimu ilikubaliana juu ya orodha ya fani za kundi la kwanza. Uuguzi haukuwemo, na PA pia hawakuwemo. Chama cha taifa cha PA kilipinga.

Maana yake kwa mwanafunzi ni rahisi kuhesabu. Hata akikopa dola 20,500 kwa miaka mitatu mfululizo, hapiti dola 61,500. Katika shule nyingi za binafsi minervali peke yake inazidi kiasi hicho, kabla hajalipa nyumba wala kula. Pengo lililobaki ni la kujazwa na akiba, familia au mkopo wa benki, na benki inaangalia historia ya mkopaji au inadai mdhamini. Mtoto wa familia iliyofika Marekani miaka michache iliyopita kutoka kambi ya Nyarugusu au ya Kyangwali mara nyingi hana mdhamini kama huyo.

Wakongomani katika hesabu hii

Katika mwaka wa bajeti wa 2023 Kongo ndiyo nchi iliyotoa wakimbizi wengi zaidi waliopokelewa Marekani, zaidi ya 18,000. Mkimbizi aliyepokelewa rasmi anahesabiwa miongoni mwa wasio raia wanaoweza kuomba mikopo ya serikali kuu. Aliyeingia na visa ya mwanafunzi hawezi. Ni vizuri familia zinazotuma vijana kusoma zijue tofauti hiyo kabla ya kuuza shamba.

Anayefika mwisho anakutana na mtihani wa taifa, PANCE: maswali 300 kwa masaa matano. Alama zinatolewa kati ya 200 na 800, na anayefikisha 350 amefaulu. Akishindwa anaweza kurudia, lakini hapewi zaidi ya mara sita ndani ya miaka sita baada ya kuhitimu. Akifaulu, anaomba leseni ya jimbo na kuanza kazi ambayo mshahara wake wa kati ulipita dola 130,000 kwa mwaka 2024. Kwa mshahara huo deni linalipika, ingawa kwa miaka mingi. Ugumu uko kwenye kufika hapo.

Kuna pia swali la kurudi nyumbani. Kongo haina kazi inayobeba jina la PA, na leseni ya Marekani haimpi mtu haki ya kutibu Goma wala Kindu. Anayeota kurudi kufungua kituo cha afya anapaswa kulipima hilo tangu mwanzo, na pengine kulinganisha na uuguzi au udaktari, ambavyo vina njia ya kutambuliwa nchini.

Kwa anayebaki Marekani, maswali ya kuuliza shule kabla ya kusaini ni machache na ya wazi: je, programu imetambuliwa rasmi? Wangapi kati ya walioanza walimaliza? Wangapi walifaulu mtihani wa taifa mara ya kwanza? Shule inatafuta nafasi za staji, au mwanafunzi anajitafutia? Na gharama yote, mpaka mwezi wa 27, ni dola ngapi? Shule zilizotambuliwa zinachapisha matokeo ya mtihani na idadi ya waliomaliza. Jibu la mwisho linatakiwa kuwekwa kando ya dola 61,500 kabla ya kuacha kazi.