Acheni Kuuliza Kama Ina 4K

Kila ninapotaja gemu ya zamani iliyotolewa upya, swali ni lile lile: "Ina 4K?" Hakuna anayeuliza kama pedi inatii, kama mchezo unakwenda bila kukwamakwama, au kama yale yaliyotuudhi zamani yamerekebishwa. Ni 4K tu. Juzi nilikuwa nawasifia vijana wa banda moja la gemu Metroid Prime Remastered, na kabla sijafika mbali nikakatizwa kwa swali hilo. Nikawaambia haina. Wakaguna, na mmoja akanitupia: "Sasa kaka, wameremasta nini?"

Nimelijibu swali hili kwa upole mara za kutosha. Leo nalijibu kwa kirefu.

Metroid Prime ilitoka Novemba 2002 kwenye GameCube, mashine ya Nintendo ambayo huku kwetu ilifunikwa kabisa na PlayStation 2, ndiyo maana wengi hawakuwahi kuigusa. Waliitengeneza Retro Studios wa Austin, Texas. Toleo jipya lilitangazwa tarehe 8 Februari 2023 na likaanza kuuzwa mtandaoni siku hiyo hiyo kwa ajili ya Switch, kwa dola 39.99. Unakuwa Samus Aran, mwindaji wa kukodiwa aliyevaa deraya, peke yake kwenye sayari ya Tallon IV iliyoharibiwa na sumu iitwayo Phazon. Mengine mtayakuta ndani.

Switch ile ya 2017 haitoi 4K. Ukiiunganisha na TV, mwisho wake ni 1080p. Ukiishika mkononi, kioo chake ni 720p. Anayedai 4K hapo anadai kitu ambacho mashine haijawahi kuwa nacho. Na pamoja na hayo, hii ni miongoni mwa gemu zinazopendeza sana kwenye mashine hiyo. Ungetegemea mtu ajiulize imewezekanaje.

Imewezekana kwa sababu 4K ni hesabu ya nukta, basi. Nukta 3840 kwa 2160, jumla kama milioni 8.3, dhidi ya milioni 2.1 za 1080p. Hesabu hiyo inakuambia ukubwa wa karatasi, haikuambii kilichochorwa juu yake. Ukuta wa gemu ya 2002 ulivishwa picha ndogo, tuseme ya nukta 128 kwa 128. Hizo ni nukta 16,384 tu. Ukiuonyesha ukuta huo kwenye TV ya 4K na ukausogelea mpaka ujaze kioo, nukta zaidi ya milioni nane zitafanya kazi ya kukuonyesha zile zile elfu kumi na sita. Kingo za vitu zitakuwa safi, hazitaonyesha vile vingazi-vingazi, na hiyo ndiyo faida yake. Ukuta wenyewe utabaki ule ule.

Sasa sikilizeni habari za vile vijiti. Mnavijua: kifaa kidogo kama flashi, unakichomeka kwenye tundu la HDMI nyuma ya TV, kinakuja na pedi mbili zisizo na waya, na boksi limeandikwa 4K kwa herufi kubwa kuliko jina la kifaa. Gemu elfu kumi, wanasema. Muuzaji anakuapia kwamba gemu zote za utotoni humo ndani "zimefanywa 4K". Kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Zilizomo ni gemu za mashine za miaka ya 80 na 90. Zile za Nintendo ya kwanza zilichorwa kwa nukta 256 kwa 240. Zile za PlayStation ya kwanza, nyingi ni kama 320 kwa 240. Kijiti kinachukua picha hiyo ndogo na kuivuta ijaze TV, na mara nyingi kinaivuta vibaya: picha iliyokuwa na umbo la TV ya mgongo inatanuliwa pembeni mpaka Mario anakuwa kibonge. Hata kama waya unapeleka ishara ya 4K kweli, kilichopelekwa ni picha ya 240 iliyonyooshwa. Kinachoniudhi zaidi ya picha ni ucheleweshaji. Unabonyeza kuruka, mtu wako anaruka baada ya kutafakari. Kwenye gemu za zamani ambazo kuruka ndiyo mchezo wenyewe, hilo ni ugonjwa usiotibika, na hakuna anayeliuliza dukani.

Wenye kompyuta nao wana dawa yao, na wao ndio wabishi kuliko wote. Wanachukua gemu ya zamani, wanaiendesha kwa programu inayoiga mashine yake, wanapandisha nukta mpaka 4K, wananitumia picha: "Ona, remasta ya bure." Ninaiona. Ninaona nyasi ambazo ni kipande kimoja cha karatasi kimesimamishwa, vidole vilivyogandana, mwamba uliopakwa kivuli kisichohama hata taa ikihama. Wachoraji wa 2002 walijua kazi yao itaonekana kwenye TV ya mgongo yenye mistari 480, ambayo ililainisha kila kitu. Walichora wakiihesabu TV hiyo kama mwenzao kazini. Ukiiondoa na kuweka kioo kikali, hukuongeza urembo. Umefichua kiraka.

Hapo ndipo wanapokuja na hatua ya pili: basi tukuze na zile picha kwa akili bandia. Jamani. Programu ya kukuza picha haina namna ya kujua kilichokuwa kwenye ule ukuta. Inakisia. Ni sawa na kumpa fundi picha ya pasipoti iliyochujuka na kumwambia aichore iwe bango: bango litapatikana, ila masikio ameyatunga. Kwenye majani na udongo, ukisiaji hauonekani sana. Kwenye maandishi, sura za watu na kitu chochote chenye umbo lenye maana, unaonekana mara moja.

Na jambo hili halihitaji ubishi, limeshajaribiwa hadharani kwa gemu ambayo Afrika Mashariki nzima inaijua kwa moyo. Novemba 2021 Rockstar waliuza GTA III, Vice City na San Andreas kwa pamoja kama toleo la mwisho lililoboreshwa, kazi waliyowapa Grove Street Games. Kwenye karatasi kila kitu kilikuwepo: nukta nyingi, taa mpya, picha zilizokuzwa kwa msaada wa programu. Mabango ya madukani yakatokea na herufi zilizokosewa. Kwenye San Andreas kuna duka la donati liitwalo Tuff Nut, na juu yake kuna nati kubwa, nati ya bolti, yenye pembe sita, kwa sababu utani wa jina uko hapo. Kwenye toleo jipya kona zote zililainishwa, nati ikawa duara. Kila aliyewahi kushika spana angeliona kosa hilo, ila umbo lilishakuwa "safi", na usafi ndio uliokuwa ukitafutwa.

Ukungu nao ulikuwa kisa kingine. San Andreas ya PlayStation 2 ilijaa ukungu wa rangi ya chungwa kwa sababu mashine haikuweza kuchora mbali. Wachezaji tuliuona kama joto la Los Santos. Kumbe ulikuwa pia ukificha udogo wa ramani. Toleo jipya likaufuta, maana mashine mpya inaona mbali. Ukipanda ndege unaiona miji yote kwa mkupuo, na lile jimbo tulilolizunguka kwa miezi linakuwa kama kiwanja cha kijiji. Mvua ikatoka kama nyuzi nyeupe zinazoziba macho. Rockstar wakaomba radhi mwezi ule ule na kuwarudishia watu wa kompyuta matoleo ya zamani. Marekebisho yaliendelea, na yale makubwa ya taa, yaliyorudisha mwonekano wa anga la zamani, yalikuja Novemba 2024. Miaka mitatu kurudisha ukungu! Nukta zilikuwepo tangu siku ya kwanza.

Rudini sasa Tallon IV mwone watu walivyofanya kinyume chake. Retro na wenzao hawakuivuta picha ya 2002. Walichora upya kuta, mimea, wadudu, deraya ya Samus, na taa zote, huku vyumba vikibaki pale pale vilipokuwa na kila adui akisimama alipokuwa akisimama. Kilichofanya gemu ya kwanza ipendwe hakikuwa ukali wa picha hata hivyo. Ilikuwa ni jinsi unavyoaminishwa kwamba uko ndani ya ile kofia ya chuma. Ukipita kwenye mvuke, kioo mbele ya macho yako kinafifia. Mlipuko ukitokea karibu, mwanga wake unarudi ndani ya kioo na kwa nukta ya sekunde unaiona sura ya Samus mwenyewe ikikutazama. Washa kioo cha eksirei kisha utazame mkono wenye bunduki: utaona mifupa ya vidole vyake humo ndani, na ukibadilisha aina ya risasi, vidole vinabadilisha mkao. Haya yote yalikuwepo 2002, kwenye mashine yenye kumbukumbu kuu ya MB 24, ambayo video fupi ya simu yako inaizidi. Waliofanya remasta walikuwa na akili ya kujua kwamba hayo ndiyo ya kulindwa.

Walilinda na jingine ambalo sijawahi kuulizwa na msomaji hata mmoja: fremu 60 kwa sekunde. Gemu ya kwanza ilikwenda kwa kasi hiyo, na hii inakwenda hivyo hivyo. Fremu 60 maana yake ni picha mpya kila baada ya milisekunde 17 hivi, na kidole chako kinaujua ukweli huo kabla ya jicho. Badiliko kubwa kabisa liko kwenye pedi. Zamani kijiti kimoja kilitembeza na kugeuza, na ili utazame juu ulilazimika kusimama na kushikilia kitufe. Leo unatembea kwa kijiti cha kushoto na kutazama kwa cha kulia kama gemu zote za kisasa, na anayetaka mtindo wa zamani au wa kulenga kwa kuelekeza pedi anachagua. Kwa mchezaji aliyezaliwa baada ya 2002, hilo peke yake ndiyo remasta.

Siisifii yote. Karibu na mwisho unalazimishwa kukusanya vipande 12 vya Wachozo, viumbe wa kale wa sayari hiyo, vilivyotawanywa kila mahali, kurudi ulikotoka na kurudi tena. Ilikuwa kero mwaka 2002 na hawakuigusa. Jingine ni aibu zaidi kuliko kero: kwenye orodha ya watengenezaji, wale walioijenga gemu ya kwanza hawakutajwa mmoja mmoja, ulitupwa mstari mmoja wa jumla kwamba kazi imetokana na timu za matoleo ya GameCube na Wii. Mhandisi mmoja wa toleo la kwanza alilalamika hadharani, na alikuwa na haki.

Kuna watakaosema nimechagua mfano unaonifaa kwa sababu Switch ni dhaifu. Haya, chukueni Horizon Zero Dawn ya 2017. Kwenye kompyuta ilikuwa na 4K tangu 2020. Bado mwaka 2024 studio za Guerrilla na Nixxes zikatoa remasta, na walichohangaika nacho ni mazungumzo: walirekodi upya zaidi ya saa 10 za miendo ya waigizaji, kwa sababu watu wa gemu ya kwanza walisimama kama nguzo wakiongea. Kama 4K ndiyo remasta, wale watu walilipwa kufanya nini?

Sasa ya kufanya, upesi. Usitazame matangazo, tazama video ya mtu akicheza. Uliza fremu, uliza pedi, uliza ni studio gani imepewa kazi. Kwenye TV yako washa hali ya gemu, zima kulainisha miendo, shusha ukali wa picha. Hayo ni bure na yanashinda kijiti chochote cha HDMI. TV ya inchi 32 ukikaa mita mbili na nusu, jicho la kawaida halitofautishi 1080p na 4K, kwa hiyo hela ya kubadilisha TV iweke. Mwenye kompyuta au PS4 achukue Mass Effect Legendary Edition ya 2021: gemu tatu kwa bei ya moja, na ya kwanza imerekebishwa bunduki na lile gari lililokuwa likiruka kama panzi. Horizon ya zamani unayo tayari? Kuipandisha ni dola 10, lipa kama mazungumzo yalikukera, la sivyo acha. GTA zile tatu, zinachezeka sasa baada ya marekebisho. Kabla yake sikumshauri mtu.

Na kama una Switch na hela ya gemu moja tu, nunua Metroid Prime Remastered, tena nunua kadi. Kadi za Switch hazijafungiwa nchi, inayouzwa Dubai itacheza Mwanza, na ukishaimaliza unaweza kuiuza. Ya kupakua huiuzi.