Pumzi inanuka tamu: kalewa au ni kisukari?

Kwa wakazi wa Karagwe na Kyerwa harufu ya lubisi haihitaji maelezo. Ndizi mbivu zikishakamuliwa na kutiwa mtama, haichukui muda mtaa mzima unajua. Ndiyo maana mtu akionekana anayumba, maneno hayaeleweki na pumzi yake inanuka tamu, hukumu hutoka haraka: kalewa. Akiwa Muislamu ndiyo fedheha zaidi. Jamaa humfungia chumbani alale mpaka pombe imtoke. Kumbe anaweza kuwa mgonjwa wa kisukari, na saa hizo anazoachwa alale ndizo zinazomuua.

Harufu hiyo ni ya asetoni, ile ile iliyomo katika dawa ya kufutia rangi ya kucha. Asetoni ni ya ukoo wa ketoni. Wanakemia huzigawa kemikali za kaboni kwa kutazama fungu dogo la atomi linalozipa tabia. Oksijeni iliyobeba haidrojeni, ikashikwa na kaboni, hutupa alkoholi, kama iliyomo kwenye lubisi. Kaboni iliyoshikana na oksijeni kwa vifungo viwili, ikikaa mwishoni mwa mnyororo, ni aldehidi. Ikikaa katikati, kaboni nyingine huku na huku, ni ketoni. Hata fruktosi, sukari ya ndizi mbivu na asali, ni ketoni. Basi jina hilo peke yake lisimtishe mtu.

Tatizo huanza insulini inapokosekana mwilini. Sukari hujaa kwenye damu lakini haiingii kwenye seli, na mwili huona njaa katikati ya shibe. Ini hugeukia mafuta na kutoa asidi mbili pamoja na asetoni. Asetoni ni moshi tu. Moto ni zile asidi, zinazoichachusha damu. Mgonjwa huwa na kiu kali, hukojoa mara kwa mara, hutapika, huumwa tumbo, na huhema kwa nguvu na haraka kama aliyepanda mlima. Huko kuhema si dalili ya ulevi, kwa hiyo kutazameni sana. Harufu isiwe kigezo pekee, kwani wako watu ambao pua zao haziisikii asetoni kabisa.

Wengine watauliza kuhusu saumu. Mfungaji mwenye afya naye hutengeneza ketoni kidogo ifikapo alasiri, na insulini yake huzizuia zisizidi. Mwenye kisukari anayetegemea sindano hana kizuizi hicho, na wapo wanaosema: "Leo sili, basi sichomi." Hilo ni kosa kubwa. Dozi hupangwa upya na daktari kabla ya Ramadhani, haiachwi. Miongozo ya kitaalamu inataka saumu ikatishwe sukari ikishuka chini ya 3.9 au ikipanda juu ya 16.6 kwenye kipimo cha milimoli, na kutoboa kidole kupima hakubatilishi funga. Ruhusa ya mgonjwa kula na kulipa siku nyingine imo katika Suratul Baqara, sasa aibu ya nini?

Ukimkuta mtu katika hali hiyo, usimpe maziwa wala dawa ya miti shamba, na asiyejitambua asimiminiwe chochote kinywani. Mlazeni ubavu. Zahanati ya karibu ikiwa na kipimo cha sukari, tone moja la damu litaonyesha njia. Kinachofuata ni kazi ya hospitali: maji ya mshipani, insulini, na madini ya potasiamu yanayofuatiliwa kwa makini. Aliye upande wa Kayanga anayo Nyakahanga. Wa Kyerwa anayo Isingiro. Kutoka Murongo ni mbali, hivyo usafiri utafutwe mara moja, hata kama ni usiku. Asipakiwe peke yake nyuma ya bodaboda. Chukueni sindano na dawa zake zote, na mkifika neno la kwanza liwe: "Huyu ana kisukari."